Lebo Arobaini na Moja

"Corinne, weka simu mezani. Na mikono yako iwe juu ya meza, niione."

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa ofisini Alhamisi ile alasiri, mwezi wa nne, theluji chafu bado imelala barabarani.

Mbele yangu boksi la viatu.

Wakili wa kampuni, mama mmoja mkavu anaitwa Haskell, akalishika boksi, akaligeuza juu chini.

Makasha ya plastiki yakamwagika mezani. Kumi... ishirini... thelathini...

"Arobaini na moja," akasema. "Kila moja lebo yake ni ya uongo. Na kila moja limetoka kwa namba ya kazi ya mtu mmoja."

"Ya nani?"

"Kumi na saba."

Nikakitazama kitambulisho changu kifuani.

Kumi na saba ni mimi!

Nikageuka kumtafuta Mzee Walt, bosi wangu. Alikuwa amesimama mlangoni. Nikajua sasa atasema neno, atanitetea, huyu mzee ananijua nje ndani.

Mzee Walt akavua miwani. Akafuta macho kwa leso.

"Nilimwamini huyu kama binti yangu wa kumzaa," akasema.

Jamani... mtu akikupiga kofi unajua pa kushika. Mimi pale sikujua nishike wapi.

Ngoja niwaeleze kwanza, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwenye maoni, "kadi gani hizo dada?"

Huku kwetu Toledo, Marekani, watu wanakusanya kadi za wachezaji wa besiboli. Vikaratasi vigumu, ukubwa wa kiganja, vyenye picha ya mchezaji. Zamani vilikuwa vinatoka ndani ya pakiti za sigara na bigijii. Watoto walivifungia kwenye spoku za baiskeli vipige kelele. Leo kimoja cha mwaka 1910 kinaweza kukununulia nyumba.

Sasa nani atajua hiki ni cha kweli na hiki ni nakala iliyochapwa juzi? Nani atasema hiki kimechakaa na hiki ni kizima?

Ndiyo kazi ya kampuni yetu, Brockway. Unatuletea kadi, wapimaji wanaiangalia kwa lenzi, wanaipa alama kuanzia moja hadi kumi. Halafu inafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki, juu yake lebo. Mwaka, jina la mchezaji, alama.

Likishafungwa, limefungwa. Mpaka ulivunje.

Na nikuambie kitu ambacho watu wa nje hawakijui. Kadi ikishaingia kwenye kasha, hakuna anayeitazama tena! Mtu anasoma lebo tu. Lebo ikisema nane, macho yake yanaiona nane. Lebo ikisema nakala, anaiona nakala, hata kama anaishikilia ya kweli mkononi.

Mimi ndiye nilikuwa mtu wa lebo.

Wapimaji wanaandika, mimi nachapa, naichomeka lebo kwenye nafasi yake, naoanisha na kadi, nasukuma kwenye mashine ya kufunga. Mia mbili kwa siku. Miaka mitatu.

Kazi hiyo alinipa Mzee Walt Dombrowski, mpimaji mkuu. Mume wangu alikuwa ameondoka na gari na akiba yetu yote, mimi nina miaka arobaini na tatu, sijui hata kuwasha kompyuta. Walt akanifundisha kila kitu. Namna ya kushika kadi kwa pembe. Namna ya kunusa karatasi ya zamani, maana ina harufu yake. Aliniita "binti yangu" mbele ya watu.

Baba yangu mwenyewe hakuwahi kuniita hivyo. Kwa hiyo mnaelewa.

Turudi chumbani.

Haskell akasukuma kasha moja mbele yangu.

"Wapimaji waliandika nne. Lebo yako inasema nane. Limeuzwa kwa bei ya nane."

Akasukuma jingine.

"Hili wapimaji waliandika kadi imekatwa kingo ili ionekane mpya. Lebo yako inasema safi."

Jingine. Jingine. Jingine.

"Mama Haskell, mimi sijafanya hivi!"

"Namba ni ya nani?"

"Yangu, lakini..."

"Kompyuta ni ya nani?"

"Yangu..."

"Polisi wanafika saa kumi," akasema. "Una muda wa kufikiri utakachowaambia."

Nikaangalia saa ya ukutani. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili.

Mzee Walt akaja taratibu, akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Nikasikia harufu yake ya pipi za mnanaa.

"Cory," akasema kwa sauti ndogo. "Nisikilize mimi. Sema ulikosea tu."

"Nilikosea nini, Mzee?"

"Ulichapa vibaya. Ulichoka. Una matatizo nyumbani, kila mtu anajua. Makosa ya uchapaji hayamfungi mtu, binti yangu. Kampuni itarekebisha lebo, utapoteza kazi, basi. Ila ukianza kubisha... hapo wataita wizi."

"Mara arobaini na moja nimekosea?"

"Umechapa makumi ya maelfu. Nani atashangaa?"

Akatoa karatasi kwenye koti lake. Ilikuwa imeshaandikwa! Imeshaandikwa, ndugu zangu, kwa mashine, na jina langu chini, panasubiri sahihi!

Mimi Corinne Szabo nakiri kwamba kwa uzembe wangu...

Na bado sikushtuka. Mnisamehe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa naipenda. Niliona mzee wa watu ananihangaikia.

Nikachukua kalamu.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nikakandamiza karatasi, nikaandika C...

Saa ya ukutani ikafika saa tisa kamili.

Na miguu yangu ikasimama.

Sitanii! Miguu ilisimama yenyewe, kiti kikarudi nyuma, nikageuka kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Haskell akafoka.

"Kumchukulia Mzee Walt hotidogi yake," nikajibu.

Lilitoka hivyohivyo. Maana ni Alhamisi, na ni saa tisa. Kila Alhamisi saa tisa Mzee Walt ananituma ng'ambo ya barabara, hotidogi moja, soseji ndani ya mkate, nyama ya pilipili juu, vitunguu vingi, haradali kidogo. Magoti yake mabovu, hawezi kutembea mbali wala kupanda ngazi. Nilikuwa naona fahari kutumwa. Dakika ishirini kwenda na kurudi. Kompyuta naiacha wazi, nani atagusa? Yupo Mzee!

Nikarudi mezani.

Nikaitazama ile orodha iliyokuwa mbele ya Haskell, ya saa ambazo kila lebo ilichapwa.

Saa tisa na dakika sita. Alhamisi.

Saa tisa na dakika tisa. Alhamisi.

Saa tisa na dakika kumi na moja. Alhamisi...

Nikaiweka kalamu chini.

"Mzee Walt," nikasema polepole. "Lifti imekufa tangu Jumatatu."

"Kwa hiyo?"

"Leo tumepanda ngazi. Ghorofa tatu. Wewe ulikuwa mbele yangu. Hukushika hata ukuta."

Akanitazama kwa yale macho yake ya kupimia kadi, kama anatafuta wapi nimekunjika.

"Wakili, hizi ni hadithi," akasema. "Namba ni yake. Mengine ni machozi ya mwizi."

Na kweli. Haskell alikuwa ameshaanza kukusanya makasha. Hotidogi si ushahidi! Nikajua nisipopata kitu cha kushikika mkononi, saa kumi natoka humu na pingu.

Nikayakodolea macho yale makasha kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Nikaliona!

"Mama Haskell, niletee makasha matupu. Na lebo tupu kumi. Tafadhali!"

"Za nini?"

"Niletee tu. Nikikosea, nasaini."

Zikaletwa. Nikaanza kuchomeka, haraka, kama ninavyofanya kila siku. Moja, mbili, tatu... kumi.

"Tazama," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa kushoto. Nasukuma lebo kwa dole gumba la kushoto. Kila lebo yangu inaegemea kulia. Ona, upande wa kushoto inabaki nafasi, nyembamba kama uzi."

Akainama. Akachukua lenzi. Akazitazama zote kumi.

"Zote zinaegemea kulia," akasema.

"Sasa tazama zile za kwenye boksi."

Akachukua ya kwanza. Akachukua ya pili. Ya tano. Ya kumi na mbili...

Akasimama wima.

"Hizi zinaegemea kushoto."

"Zimechomekwa na mtu wa mkono wa kulia. Si mimi!"

Haskell akachukua lebo moja tupu na kasha tupu. Akaviweka mbele ya Mzee Walt.

"Chomeka," akamwambia.

"Wakili, watu wote duniani ni wa kulia..."

"Najua. Ila si wote wanaobaki na kompyuta yake Alhamisi saa tisa. Chomeka."

Mzee Walt hakugusa ile lebo. Aliitazama tu. Na mimi nikamtazama yeye, mzee aliyenifundisha kunusa karatasi, na sikunusa kitu miaka mitatu mizima.

Haskell akatoka nje kupiga simu. Mlinzi akasimama mlangoni.

Hapo ndipo ningetaka simulizi hii iishie. Mwizi amekamatwa, mnyonge ameshinda, mnanipigia makofi kwenye maoni.

Haikuishia hapo.

Nilikuwa nayapanga makasha vizuri mezani, lebo juu, nafasi kulia. Nafasi kulia, nafasi kulia, nafasi kulia. Raha iliyoje! Kila moja ni kama mtu ananiambia huna hatia.

Nikafika arobaini.

La arobaini na moja nikalishika... nafasi iko kushoto.

Nikaligeuza kwenye mwanga. Nikafuta kwa mkono wa sweta, nikidhani ni uchafu.

Lebo imeegemea kulia.

Ya kwangu!

Kadi yenyewe ilikuwa ya mwaka 1934, ya kwenye bigijii, mchezaji anaitwa Stub Garrity. Pembe zimechakaa, katikati ina mkunjo. Juu, lebo yangu inasema: NAKALA. SI YA ASILI.

Nikakimbilia orodha ya saa. Ilichapwa Alhamisi moja, karibu miaka mitatu iliyopita, mwezi wangu wa nne kazini.

Saa tisa kasoro dakika tatu.

Kasoro, ndugu zangu.

Nilikuwa nimechapa lebo mbili pamoja, moja ya nakala, moja ya asili. Kadi mbili zinafanana kabisa. Saa tisa inakaribia. Hotidogi ya Mzee inanisubiri, nisichelewe akakasirika. Nikachomeka hii hapa, ile pale, nikasukuma kwenye mashine, nikavaa koti.

Mnaijua methali ya haraka. Siirudii.

Nyuma ya kasha lile kulikuwa na barua, imefungwa kwa raba bendi. Mwandiko wa mzee, herufi kubwa kubwa. Nikaifungua.

"Kwa mwenye kuandika lebo.

Mimi ni Emmett Lafferty, Fostoria, miaka 81. Kadi hii baba alitupatia mimi na mdogo wangu Dale. Kadi moja, watoto wawili. Tukakubaliana kila mmoja akae nayo mwaka mmoja. Kila siku ya kwanza ya ligi tulikuwa tunakabidhiana. Miaka sitini na nne.

Wajukuu wakasema ipimwe. Mkaandika ni nakala. Mara ya mwisho ilikuwa kwa Dale. Nikajua ameuza ya kweli akaniletea ya bandia. Nilimwita mwizi mezani, mbele ya watoto wake. Aliapa. Sikumsikiliza, kwa sababu mlikuwa mmeandika.

Dale amefariki mwezi wa pili. Sikwenda kuzika.

Wiki iliyopita muuzaji mmoja mnadani hakusoma lebo, alitazama kadi. Akasema ni ya kweli.

Naomba kujua siku ile mlikuwa mnafanya nini."

Basi. Hakuomba fidia. Hakutukana.

Nikaikunja barua. Nikasikia mtu anacheka kidogo.

Ni Walt. Yuko palepale kwenye kiti, mlinzi amempa mgongo. Alikuwa ananitazama muda wote.

"Hiyo moja ni yako, binti yangu," akasema.

Nikalishika tena lile kasha.

"Mimi sichezei kadi za wazee maskini. Kuna faida gani?"

Mlango ukafunguka. Haskell akaingia, nyuma yake polisi wawili.

"Bi Szabo, umesafishwa," akasema. "Zote arobaini na moja tunaziweka kwa Bwana Dombrowski. Nenda nyumbani, upumzike. Jumatatu rudi kazini."

Zote arobaini na moja.

Dole gumba langu lilikuwa juu ya lebo ile, limeiziba.

Sasa wewe unayesoma, niambie ukweli wako. Ungesema? Dakika tano nyuma nilikuwa nakwenda jela! Walt ana arobaini tayari, moja zaidi itamfanya nini? Nani angejua?

Mimi nilinyamaza.

Nilinyamaza, nikavaa koti, nikapita mbele ya Walt. Akaniaga kwa kichwa, kama watu waliokubaliana jambo.

Na hicho kichwa ndicho kilichoniua.

Nilikwenda nyumbani, nikapasha pirogi za juzi, zile kama sambusa za kuchemsha, sikula. Nikaoga, nikarudi kuoga. Popote nilipotazama naona wazee wawili kwenye meza ya jikoni, mmoja anaapa, mwingine anaonyesha lebo. "Si imeandikwa hapa!" Na anayeapa anasema kweli, na hana karatasi ya kumtetea. Mimi nilipata bahati, nilikuwa na dole gumba. Dale hakuwa na kitu.

Siku ya Jumatatu nilikuwa ofisini kwa Haskell kabla hajavua glavu.

"Ile ya Garrity ni yangu," nikasema.

"Nini?"

"Tazama lebo. Tazama saa. Nilikosea mimi. Walt hakuigusa."

Akatazama.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza. "Kesi ilikuwa imeisha."

"Kwa sababu Walt aliniaga kwa kichwa."

Hakuelewa, na sikumlaumu.

"Unajua siwezi kukubakisha hapa," akasema. "Mawakili wa Walt watasema kama moja ni yako, zote ni zako."

"Najua. Naomba kitu kimoja. Mwenye kadi nimpelekee mwenyewe."

Akaipiga picha kila upande, akanisainisha, akanipa. Ikawa kazi yangu ya mwisho Brockway.

Wiki hiyo hiyo ligi ilikuwa inaanza. Nikaendesha gari hadi Fostoria asubuhi ya siku ya kwanza, bendera za timu zimetundikwa kwenye vibaraza. Njiani kote nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Mzee, samahani sana. Mzee, nilikuwa mgeni kazini. Mzee, hata mimi nilidanganywa.

Mlango ukafunguliwa na mtu mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Nyuma yake redio inaongea.

"Mzee Lafferty?"

"Ndiye."

"Mimi ndiye mwenye kuandika lebo."

Maneno yote ya mazoezi yakaishia hapo.

Hakunikaribisha. Hakunifukuza. Akatoka kibarazani, akafunga mlango nyuma yake.

"Siku ile ulikuwa unafanya nini?" akauliza.

Nilikuwa nimeapa nisimdanganye.

"Nilikuwa naharakisha kumnunulia bosi wangu hotidogi."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki tena.

"Hotidogi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Yenye nini?"

"Nyama ya pilipili. Na vitunguu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesubiri jibu kubwa akapewa dogo.

"Dale alikuwa anapenda hizo," akasema.

Nikaanza kulia. Yeye hakulia. Akaingia ndani, akarudi na plaizi, akaniwekea mkononi.

"Vunja."

"Mzee, kampuni inaweza kubadilisha lebo, itaandikwa ya asili, itakuwa na thamani..."

"Wewe mama, umesikia nimekuuliza thamani? Vunja!"

Nikabana pembe ya kasha. Plastiki ikalia, ikapasuka. Nikaendelea taratibu, nisiiguse kadi, pembe kwa pembe, kama Walt alivyonifundisha. Hata pale nilikuwa natumia mikono ya Walt, na nilichukia.

Kadi ikatoka. Akaipokea kwa vidole viwili, akainusa.

"Sigara za baba," akasema. "Miaka yote ilikuwa inanuka hivi. Mkaifungia ndani ya plastiki, nikakosa kunusa. Ningenusa, ningejua."

Akafungua mfuko wa shati, akaitia ndani, akaugusa kwa nje mara mbili.

"Mwaka huu ni zamu ya Dale."

Akachukua funguo za gari na kofia vilivyokuwa kwenye kiti cha kibarazani. Nikaelewa anakwenda wapi. Na nikaelewa kwa nini alivaa shati lile.

"Mzee, nikusindikize?"

"Hapana."

Akashuka ngazi mbili, akasimama. Akarudi. Akainama kwa shida, akaokota lebo yangu kati ya vipande vya plastiki. Akaipangusa, akanipa.

"Hii si ya kwangu," akasema. "Hii ni ya kwako."

Akaondoka. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba.

Walt kesi yake bado inaendelea. Wanasema atasema amekosea tu, makosa ya uchapaji. Mimi sasa nafanya kazi dukani, napanga mikebe ya supu. Kila mkebe naisoma lebo yake, halafu nautikisa.

Na kuna jambo halijaisha. Siku ile kadi zilikuwa mbili. Ya Mzee Lafferty ilipata lebo ya nakala, kwa hiyo ile nakala ilipata lebo ya asili. Iko mahali. Mtu amejinyima akainunua, labda ameitundika sebuleni, labda anataka kumrithisha mtoto. Haskell alimwandikia aliyetuletea ile nakala, akajibu aliiuza zamani, hajui kwa nani. Nimeitafuta minadani sasa mwezi wa sita. Kama una kadi ya Stub Garrity, 1934, na lebo yake imeegemea kulia... niandikie. Tafadhali.

Fundisho sina kubwa. Nilimbandika Walt lebo ya baba, nikaacha kumtazama. Mzee Lafferty alibandikiwa lebo na mimi, akaacha kumtazama ndugu yake wa damu. Wewe kuna mtu umeacha kumsemesha kwa sababu ya kitu ulichosoma, ulichotumiwa, ulichoambiwa na wanaojua. Mpigie leo. Msikilize yeye mwenyewe akiongea, kabla hajatangulia.

Ile lebo iko hapa mezani ninapoandika. Bado inasema nakala.